Mcheza Kwao Hutunzwa: Bibi Titi Mohamed na Kura za Rufiji

Septemba 1965 Watanzania walipiga kura ya namna ambayo hawakuwa wameizoea. Bara kulikuwa na chama kimoja tu, TANU, lakini karibu kila jimbo liliwekewa wagombea wawili, wote wana-TANU, wote wamepitishwa na Halmashauri Kuu ya Taifa. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwenzake alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma ajue anakotia kura yake. Walipanda jukwaa moja. Kuhutubia kwa kilugha kulikatazwa, kutaja kabila au dini kulikatazwa, na hakuna aliyeruhusiwa kudai kwamba Mwalimu Nyerere anamtaka yeye. Huko Rufiji mmoja wa wagombea alikuwa mwanamke ambaye, baada ya Nyerere mwenyewe, huenda hakuna sauti ya TANU iliyokuwa imesikika na watu wengi kuliko yake. Kura zikahesabiwa. Bibi Titi Mohamed akawa ameshindwa.

Wanaosimulia maisha yake hupita hapo mbiombio. Hutaja Rufiji kwa sentensi moja, kisha wakakimbilia Azimio la Arusha la 1967, kukamatwa kwa 1969, kesi ya uhaini, kifungo cha maisha na msamaha. Ni kisa kitamu kukisimulia: shujaa, mhaini, kisha shujaa tena na barabara yenye jina lake. Ila mimi naona kimegeuzwa miguu juu. Kilichompata mahakamani kiliwezekana kwa sababu ya kilichompata Rufiji, na kilichompata Rufiji kilianza kupikwa siku ile alipotoka kwenye ngoma akaingia kwenye gari la serikali.

Kwa hiyo tuanze na ngoma.

Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Mama yake, Hadija binti Salim, alikuwa mkulima mwenye asili ya Rufiji. Baba, Mohamed bin Salim, alikuwa mfanyabiashara. Wazee wengi Waislamu wa Pwani wakati ule waliiogopa shule ya serikali wakidhani mtoto atarudi nyumbani si wa dini yao, na baba yake hakuwa tofauti nao. Hata hivyo binti alisoma, miaka minne, katika shule ya wasichana ambayo baadaye iliitwa Uhuru. Alipovunja ungo akawekwa ndani kama mabinti wenzake, na alipofika kama miaka 14 akaozwa kwa mwanamume aliyemzidi sana umri. Ndoa hiyo haikudumu. Ukisoma wasifu wake mpaka hapo, hakuna chochote cha kumtabiria siasa. Ni maisha ya mamia ya wanawake wa Kariakoo na Ilala wa miaka ya 1940.

Tofauti ilikuwa koo lake. Titi alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Msomaji wa leo akisikia neno ngoma anaweza kudhani ni burudani ya arusini basi. Vikundi vya ngoma vya wanawake wa mijini Pwani vilikuwa na mambo mengi zaidi ya kucheza. Vilikuwa na viongozi, michango, sare, nidhamu, na mwiko wa kutoa siri za wenzako. Mwanachama akifiwa, kikundi kilihudhuria. Akioza binti, kikundi kilibeba. Na jambo ambalo wanasiasa wa leo wangelilipia pesa nyingi: havikuwa vya kabila. Mzaramo alikaa na Mmanyema, Mrufiji na Mngindo, Mdigo na mtoto wa Mnubi, wakagombana kwa Kiswahili na wakapatana kwa Kiswahili. Chama cha kisiasa kilichotaka kuwaambia watu kwamba sasa wao ni Watanganyika kingewakuta wanawake hawa wameshaanza kuishi hivyo bila kuambiwa.

TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, na kwa karibu mwaka mzima ilikuwa shughuli ya wanaume. Bibi Titi alikata kadi namba 16. Mumewe wa wakati huo, Boi Selemani, alimtangulia kwa namba moja. Katikati ya 1955 akaja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akawauliza viongozi wa TANU swali jepesi: wanawake wenu wako wapi? Inasimuliwa kwamba wazee waliona haya kukiri kwamba hawana, wakajibu wapo, kisha wakatoka mbio kuwatafuta. Schneider Plantan, mmoja wa wanaharakati wakongwe wa mji, ndiye aliyeelekeza macho kwa Titi. Walimtaka mwanamke wa kumwonyesha mgeni. Hawakujua wanafungua mlango upi.

Maana Titi hakwenda kuhubiri nyumba kwa nyumba. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, mmoja mmoja, watu aliowajua kwa majina na kwa ugomvi. Ukimpata kiongozi wa kikundi, umepata kikundi kizima. Akishirikiana na kina Tatu binti Mzee, katika miezi michache tu walikuwa wameandikisha wanawake wapatao 5,000. Hebu tuipime namba hiyo. Mji wenyewe haukuwa mkubwa, chama kilikuwa na umri wa mwaka mmoja, na wengi wa hao 5,000 hawakuwa wamewahi kukaa kwenye mkutano wowote wa siasa maishani mwao.

Kulikuwa na sababu nyingine, na hii haitajwi vya kutosha. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewapiga marufuku watumishi wake kujiunga na siasa. Karani, mwalimu wa serikali na mganga wa hospitali, hao hao waliosoma, walilazimika kuchagua kati ya kadi na mshahara. Nyerere mwenyewe ilimbidi aache kufundisha Pugu mwaka 1955. Mwanamke wa ngoma, anayeuza maandazi au pombe, au anayepangisha chumba, hakuwa na bosi wa kumfukuza. Alichokikosa, yaani ajira ya Mzungu, ndicho kilichomwacha huru. Basi kadi za waume zikafichwa ndani ya masanduku ya wake, na mikutanoni mwanamume akawa anasikiliza kutoka kwenye kona huku mkewe akiwa mstari wa mbele na kanga yake. Nasema bila kusita: kwa miaka miwili mitatu ya mwanzo, ujasiri wa wazi wa TANU mjini Dar es Salaam ulikuwa wa kike.

Bibi Titi akawa kiongozi wa umoja wa wanawake wa chama, akatembea na Nyerere nchi nzima. Mwalimu alizungumza taratibu, kwa hoja. Titi aliwasha moto. Walifuata wengine mikoani, kina Halima Selengia huko Moshi na Sharifa binti Mzee huko Lindi, kila mmoja na mtandao wake. Mtafiti mmoja wa Kimarekani aliyekuja kumhoji Titi mwaka 1984 aliondoka na picha iliyowashangaza wasomi wenzake: kwamba utaifa wa Tanganyika haukuteremshwa na wasomi wachache ukawafikia wanawake. Wanawake hawa walikuwa nao mikononi, chama kikaja kuupa jina.

Sasa tazama kinaya cha kwanza. Januari 1958, huko Tabora, TANU ilikubali kwa shingo upande kuingia katika uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ulikuwa uamuzi wa busara na ulilipa. TANU ilizoa viti. Lakini masharti ya kupiga kura yalidai kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu iliyozidi kile ambacho wengi wangeweza kuota, au cheo fulani. Wangapi kati ya wanawake wa ngoma wangevuka kizingiti hicho? Wachache mno. Waliokijenga chama walikaa nje ya uzio wakiwashangilia waliopiga kura. Mwaka 1960 masharti yalilegezwa, lakini katika majimbo 58 kati ya 71 mgombea wa TANU hakuwa na mpinzani, hivyo watu wa huko hawakupata nafasi ya kumpima yeyote. Ukiacha kura ya rais ya 1962, uchaguzi wa 1965 ndio wa kwanza wa bunge ambamo kila mtu mzima, wa kike na wa kiume, alipiga kura.

Kwa maneno mengine, miaka kumi Bibi Titi aliwaomba watu waichague TANU, wamchague Nyerere, wauchague Uhuru. Kujiombea kura yeye mwenyewe, kwa mtu mwenye haki ya kusema hapana, ni kazi aliyoianza 1965.

Turudi nyuma kidogo, kwenye Desemba 9, 1961 na baada yake. Uhuru ulipopatikana, serikali ilihitaji watu wa kujaza ofisi, na ofisi zilihitaji vyeti. Bibi Titi akawa Waziri Mdogo, kama manaibu waziri walivyoitwa siku hizo, akishughulikia maendeleo ya jamii na mambo ya wanawake. Waziri kamili hakuwa. Sikusudii kusema aliibiwa. Mtu mwenye miaka minne ya shule na mafaili ya Kiingereza mezani angepata taabu. Nasema tu kwamba Tanzania ilisubiri mpaka 1975 kuwapata mawaziri kamili wanawake, Tabitha Siwale na Julie Manning, wote wasomi. Katika kizazi cha Titi mwenyewe, Lucy Lameck wa Moshi alikuwa na uuguzi na Ruskin College ya Oxford, na hata yeye aliishia kuwa Waziri Mdogo. Kipimo kilikuwa kimebadilika. Mwaka 1955 chama kilimuuliza mtu: unawajua watu wangapi? Mwaka 1962 kikauliza: umefika darasa la ngapi?

Mwaka huo huo wa 1962 ikaundwa UWT, Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Dar es Salaam pia ilikuwa mwenyeji wa mkutano uliozaa umoja wa wanawake wa Afrika nzima. Ndiyo sababu Julai 31 ni siku ya mwanamke wa Afrika, jambo ambalo Watanzania wengi hawalijui japo ni letu. Ulikuwa wakati wa fahari. Ila mimi nauona pia kama wakati wa msiba mdogo usio na matanga. UWT iliunganisha makundi ya wanawake chini ya paa moja, na paa hilo lilikuwa la chama. Vikundi vilivyokuwa na maisha yake, michango yake na malkia wake vikageuka kuwa watumbuizaji wa mapokezi ya viongozi uwanja wa ndege. Umewaona kwenye picha: wamevaa sare, wanapiga vigelegele, waziri anapita anapunga mkono. Sijui kama Titi aliliona hilo likitokea. Aliyeketi kwenye gari la mgeni rasmi huona nyuso tu.

Ndipo tunafika Rufiji. Kwa nini Rufiji na si Dar es Salaam? Ni kwao kwa upande wa mama, na ubunge unahitaji jimbo. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na nadhani hesabu ilikuwa hiyo. Lakini uwanja aliochezea maisha yake yote ulikuwa Kariakoo. Kule delta, mwaka unahesabiwa kwa mafuriko; mto ukipanda, mpunga unaweza kustawi au kusombwa, na barabara ya kusini wakati wa masika ilikuwa hadithi ya matope. Mtu wa huko, ukimpa wagombea wawili jukwaa moja na haki ya kuuliza maswali, hatauliza habari za 1955. Atauliza kivuko. Atauliza bei ya korosho. Atauliza: mama, tangu upate cheo umekuja mara ngapi?

Na kanuni za mwaka ule, nzuri kama zilivyokuwa, zilimvua Bibi Titi silaha zote alizozijua. Alizoea kumnadi Nyerere. Sasa ilikuwa marufuku kumtaja Nyerere kama wako. Alizoea kuuwakilisha umma dhidi ya serikali. Sasa alikuwa serikali. Alizoea kuwaita wanawake kupitia kwa viongozi wao wa ngoma. Sasa kampeni iliendeshwa na kamati ya chama ya wilaya, wote wawili wakipewa dakika sawa. Mpinzani wake hakuhitaji kuwa mtu mkubwa. Alihitaji kuwa jirani tu.

Hakuanguka peke yake. Uchaguzi ule uliwafagia vigogo, na maarufu zaidi ni Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliyekataliwa Mwanza. Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Bomani alishindwa kama Titi alivyoshindwa. Rais alimteua kuwa mbunge na akamrudisha kwenye Baraza la Mawaziri. Mtaalamu wa ushirika na fedha alionekana hana mbadala. Bibi Titi hakurudi bungeni. Sidai kwamba kulikuwa na chuki. Inatosha kusema kwamba mtu aliye na ujuzi wa mafaili akipoteza watu bado ana mafaili. Mtu ambaye mtaji wake wote ni watu, akipoteza watu, au ikionekana tu kwamba amewapoteza, mezani hana kitu.

Wapo wanaoisoma safari yake kwa miwani ya dini. Wanakumbusha kwamba Waislamu wa Pwani ndio walioibeba TANU ilipokuwa changa na kwamba baada ya Uhuru walijikuta pembeni. Wanataja ukaribu wa Titi na jumuiya ya Waislamu ya EAMWS, iliyofungwa 1968 na nafasi yake kuchukuliwa na BAKWATA. Malalamiko hayo yana uzito na siyapuuzi, hasa kwenye suala la elimu, kwa sababu mzazi aliyeogopa shule ya misheni mwaka 1935 alimlipisha mwanawe mwaka 1965. Ila hayaielezi Rufiji. Waliompiga chini kule walikuwa Waislamu wenzake, watu wa kwa mama yake.

Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, na ndani yake masharti ya uongozi: kiongozi wa TANU au serikali asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Akajiuzulu nafasi zake za uongozi wa chama.

Huwa wanaitaja hatua hiyo kama uthibitisho wa tamaa. Wasomaji vijana wanaolipenda Azimio, na wapo wengi siku hizi, huniandikia kwa ukali nikigusa jambo hili. Nami nalipenda Azimio. Lakini naomba tuzungumze habari ya nyumba katika mji wa Waswahili kabla ya kuhukumu.

Nyumba ya Kiswahili, ile ya vyumba sita na ukumbi katikati, uani jiko na choo, haikuwa kitega uchumi kwa maana ya kibepari. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja, vingine wanakaa wapangaji, na jioni wote wanapikia uani mmoja. Dar es Salaam ya ukoloni ilikuwa na wanawake wengi wenye nyumba za namna hiyo, na haikuwa bahati mbaya. Mwanamke hakuajiriwa. Akiachwa, aliondoka na sanduku lake. Akifiwa, ndugu wa mume walikuja kugawana. Nyumba yenye jina lake ilikuwa ndiyo benki, ndiyo bima, ndiyo uzee wake. Mwanamume karani alijua kuwa akistaafu kuna pensheni. Mwanamke wa Kariakoo alijua kuwa akizeeka kuna kodi ya vyumba vitatu. Azimio lilimwandikia sheria mtu wa kwanza. Mshahara na pensheni vilionekana safi, kodi ya nyumba ikaonekana unyonyaji. Waziri aliyekuwa akiezeka nyumba ya tano Upanga kwa mkopo alistahili kubanwa, hilo sina ubishi nalo, na za Titi hazikuwa banda moja la makuti. Naye alikopa na kujenga kama wakubwa wenzake. Lakini yeye alikuwa ameshapoteza ubunge na mshahara wake, na cheti chochote cha kumpatia kazi nyingine hakuwa nacho. Kumwambia achague kati ya uongozi na nyumba ilikuwa kumwambia achague kati ya heshima na chakula cha uzeeni. Alichagua kama ambavyo wanawake wengi wa Pwani wangechagua. Miaka minne baadaye, 1971, serikali ilipotaifisha majengo, hata hilo chaguo likawa bure.

Kuhusu kesi nitasema machache. Oktoba 1969 alikamatwa pamoja na Michael Kamaliza, aliyewahi kuwa Waziri wa Kazi, na maofisa wa jeshi, wakidaiwa kula njama ya kuipindua serikali. Kinara aliyetajwa, Oscar Kambona, aliyewahi kuwa waziri wa Nyerere, alikuwa London tangu 1967. Kesi ilianza 1970 mbele ya Jaji Mkuu Philip Telford Georges, mtu wa Karibi, ikaendelea kwa siku 127, na shahidi mkubwa wa upande wa mashtaka alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa PAC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini. Bibi Titi alikana mashtaka. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha.

Alikuwa na hatia? Mahakama ilisema ndiyo, na ilikuwa mahakama ya kweli, yenye mawakili, mahojiano ya mashahidi na hata mshtakiwa mmoja aliyeachiwa. Hiyo ni zaidi ya walichopata washtakiwa wa namna yao katika nchi nyingi za jirani miaka ile. Nimesikia wazee wakiapa kwamba alisingiziwa na wengine wakiapa kwamba aliponzwa na urafiki wake na Kambona. Wote wanaapa kwa nguvu ile ile. Mimi kinachonishughulisha ni kingine. Mwaka 1955 kama serikali ingemkamata Titi, wanawake 5,000 wangejaa barabarani kabla ya adhuhuri. Mwaka 1969 alikamatwa na mji ukaendelea kupika. Wenye kuandamana hawakuwa wamekufa. Walikuwa UWT sasa, na UWT ilikuwa ya chama, na chama kilikuwa kimeshasema. Ule mtandao aliousuka kwa mikono yake ulikuwa umehamishiwa jina la mwingine.

Nyerere alimsamehe 1972. Alitoka akiwa na miaka 46, umri ambao wanasiasa wa leo bado wanaitwa vijana, na hakushika tena cheo chochote. Miaka mingi jina lake halikuwa la kutajwa kwenye sherehe. Mwaka 1991, nchi ilipotimiza miaka thelathini ya Uhuru, gazeti la chama lilimtaja kama shujaa wa ukombozi. Leo barabara yake inapita mbele ya Maktaba Kuu ya Taifa, inakata Morogoro Road pale kwenye chuo cha teknolojia, na inateremka mpaka viwanja vya Mnazi Mmoja. Makondakta wanaitaja mara mia kwa siku: Bibi Titi, Bibi Titi, shuka. Kwa mtu aliyeishi kwa sauti, hilo si ukumbusho mbaya.

Lakini nikisikia viongozi wakisema wanawake wa leo wanafuata nyayo zake, huwa nauliza nyayo zipi. Tangu 1985, ilipoanza na viti 15, njia kuu ya mwanamke kuingia bungeni Tanzania imekuwa viti maalumu, na ndani ya CCM lango la viti hivyo linalindwa na UWT, jumuiya ile ile yenye asili katika umoja alioanza kuuongoza 1962. Anayetaka kiti hawaendei wanawake wa ngoma, wala wa vikoba, wala wa sokoni; anawaendea wajumbe. Nawajua wabunge wa viti maalumu wachapakazi, na bila viti hivyo bunge letu lingekuwa baraza la wanaume hadi leo. Tena Katiba sasa inataka viti hivyo visipungue asilimia 30. Sibishi na hesabu. Nabisha na nyayo. Titi alianza na watu, chama kikamfuata nyumbani kubisha hodi. Hawa huanza na chama, na wengi wao chama kikiwaacha, hawana uwanja wa kurudi kuchezea.

Wapo wachache wanaothubutu kwenda jimboni, kama yeye alivyokwenda Rufiji, kwenye maswali ya kivuko na korosho. Wengine huanguka kama alivyoanguka.

Bibi Titi Mohamed alifariki Novemba 5, 2000, akiwa hospitalini Johannesburg. Ilikuwa wiki moja tangu uchaguzi mkuu wa Oktoba 29. Bunge lililokuwa likisubiri kuapishwa Dodoma lilikuwa na wanawake 48 wa viti maalumu. Waliokuwa wameshinda majimboni walikuwa 12.